Sintesaiza ijipigie yenyewe: njia nne, na ipi ikufae

Karibu kila mtu ninayemjua hapa Dar mwenye sintesaiza ya analogia, ala ya muziki inayounda sauti kwa volti za umeme, amefika mahali hapa: mashine ameipata kwa mbinde, ushuru amelipa, noti zake za kwanza amezibonyeza mpaka majirani wamezikariri, na sasa anataka kuunganisha nyaya, kurudi nyuma na kuiacha ipige yenyewe. Ipige, ibadilike, iende inakoenda, wakati yeye anakunywa chai.

Akiuliza aanzie wapi, huambiwa: "Weka bahati nasibu." Ni kama kumwambia anayejifunza kupika pilau aweke viungo. Viungo gani, na lini?

Pachi, yaani mipangilio ya nyaya, za namna hii ni nyingi, lakini ukizifumua nyaya unakuta familia nne: kuchota volti ovyo na kuishika, kuzungusha foleni ya biti, kuendesha kloki (sakiti zinazogonga mapigo) zisizolingana, na kuziachia osileta (sakiti zinazozalisha sauti) zisumbuane kwa mrejesho. Nimeishi na zote nne katika chumba kimoja Sinza chenye feni moja. Hakuna niliyoitupa, na hakuna ninayoweza kumpa kila mtu.

Maswali manne ya kupimia

La kwanza, na kwangu ndilo zito: pachi inakumbuka nini? Tunadhani pachi inayojipigia huchosha kwa kukosa mabadiliko. Mara nyingi huchosha kwa sababu haikumbuki chochote. Kila noti inaingia kama mgeni asiyebisha hodi, na baada ya dakika tano sikio linaacha kuwapokea wageni.

La pili: ikishaanza kwenda, usukani uko wapi? La tatu: inahitaji vifaa gani hasa? La nne ni la hapa kwetu: inavumiliaje joto, unyevu na umeme wa kukatika? Mafunzo mengi ya mambo haya yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Hawana habari na Februari yetu.

Njia zenyewe, kwa ufupi

*Chota na ushike.* Una chanzo cha kelele, ule mchakacho wa redio isiyoshika stesheni. Volti yake inarukaruka muda wote. Kloki ikigonga, sakiti inachota volti ya nukta ile na kuihifadhi kwenye kapasita mpaka kloki igonge tena. Peleka volti hiyo kwenye osileta, unapata noti. Kwenye mfumo wa volti 1 kwa oktavu, yaani kwa noti 12, noti mbili zinazofuatana kwenye kinanda zinatofautiana kwa volti 0.083 tu, kwa hiyo kelele yenye upana wa volti 5 itakurusha oktavu tano bila huruma. Ipunguze nguvu kwanza, ibaki volti 1 au 2, kisha ukitaka ipitishe kwenye kwantaiza, sakiti inayoisogeza volti hadi noti iliyo karibu, ili ikae kwenye skeli.

Kuna toleo lake ninalolipenda kuliko lenyewe, ambalo wapigaji huliita Krell. Hapa hakuna kloki ya kudumu. Envelopu, ile volti inayopanda na kushuka kuipa noti umbo, ikimaliza kushuka, mwisho wake ndio unaogonga noti inayofuata, na volti mpya iliyochotwa inaamua sauti iwe ya juu kiasi gani, na pia envelopu hiyo idumu kwa muda gani. Noti ndefu, tatu za haraka, kimya, ndefu tena. Pachi inaanza kupumua.

*Foleni ya biti.* Hii ni rejista yenye nafasi, tuseme, 16, kila moja ikiwa na sifuri au moja. Kloki ikigonga, biti zote zinasogea nafasi moja mbele, na ya mwisho inarudi mwanzo. Anayecheza bao ataiona mara moja: upande wako una mashimo 16, nane kwa safu mbili, na kete zinazunguka. Tofauti ni kwamba hapa, kila biti inaporudi mwanzo, kuna uwezekano ikageuzwa. Baadhi ya biti hizo zinabadilishwa kuwa volti, na volti inakuwa noti. Mwingereza Tom Whitwell aliitengenezea moduli (kipande kimoja cha sintesaiza) ya Turing Machine na akaiacha michoro yake wazi ili watu wachome lehemu na kuijenga wenyewe. Ina nobu moja kubwa. Ukiiweka katikati, kila biti inarushwa kama shilingi. Ukiizungusha kulia mpaka mwisho, foleni inafungwa: noti 16 zilezile, milele. Kushoto mpaka mwisho, biti zinageuzwa kila zikirudi, kwa hiyo mzunguko unakuwa wa hatua 32. Utamu uko pale nobu inapokaribia kulia bila kufika.

*Kloki zisizolingana.* Hapa bahati nasibu haimo kabisa. Kuna kloki kadhaa, au zile osileta za polepole tunazoziita LFO, kila moja na mwendo wake. Moja inafungua filta, sakiti inayokata sehemu ya sauti; nyingine inasogeza noti, ya tatu inaamua lini kuwe kimya. Kila moja ni nyepesi kuielewa. Ugumu unazaliwa kati yao. Aliyewahi kusimama kando ya barabara mdundiko ukipita hahitaji kuelezwa zaidi. Wazo hili lina historia yake kwenye umeme pia: mwaka 1931 Leon Theremin alimtengenezea mtunzi Henry Cowell chombo cha Rhythmicon, kilichopiga midundo mingi ya mgawanyo tofauti kwa wakati mmoja. Kampuni ya sintesaiza ya Moog iliporudi kwenye wazo hilo mwaka 2020 ilitoa Subharmonicon, yenye vigawanya midundo vinne na sikwensa (vipanga noti) mbili za hatua nne nne.

*Mrejesho.* Kila mtu amekwenda harusini akasikia maiki ikilia kwa kusogezwa karibu na spika. Sauti inatoka, inarudi ilikotoka, inakua. Sasa fanya hivyo kwa volti: osileta ya kwanza inasukuma mwendo wa ya pili, ya pili inasukuma mwendo wa ya kwanza, na filta iko katikati. Kwenye kiwango kidogo unapata mtetemo. Ongeza, unapata mlio wenye umbo. Ongeza tena, mfumo unaingia kwenye vurugu ambayo si kelele tupu: inakaa mahali, inaruka, inarudi karibu na pale ilipokuwa lakini si pale pale. Mholanzi Rob Hordijk aliijengea nyumba tabia hii kwenye Benjolin: osileta mbili, filta moja, na rejista ya nafasi nane ambamo osileta moja inatoa biti na nyingine inatoa kloki, halafu biti tatu za mwisho zinarudishwa kama volti kuzisumbua osileta zilezile.

Inakumbuka nini

Chota-na-ushike inakumbuka noti moja. Ikigongwa, inasahau. Ndiyo maana dakika ya kwanza inafurahisha na ya kumi haina tofauti na ya kwanza. Krell inajiokoa kwa sababu urefu na kimo vinatoka kwenye volti moja, kwa hiyo sikio linapata sheria ya kushika: za juu ni fupi, za chini ni ndefu, au kinyume chake kama utakavyounganisha. Hiyo si kumbukumbu, ni tabia. Kwa saa moja ya usiku inatosha.

Foleni inakumbuka noti zake 16, na hapa ndipo kitu cha ajabu kinatokea. Biti moja ikigeuzwa, haibadilishi noti moja tu. Kadiri inavyosogea kwenye foleni inapita kwenye nafasi tofauti za kubadilisha volti, mwanzo ikiwa nzito, baadaye nyepesi, kwa hiyo noti kadhaa zinaguswa, kila moja kwa kiasi chake. Unasikia wimbo uleule, lakini kuna mahali umepinda. Baada ya dakika ishirini haufanani na ulioanza nao, na huwezi kutaja ni lini ulibadilika. Ni kama mtoto wa jirani: unamwona kila siku, halafu siku moja kaota ndevu.

Kloki zinakumbuka kila kitu, kwa maana kwamba hakuna kinachopotea. Kinachukua muda tu kurudi. Piga hesabu. Mistari mitatu ya hatua 3, 5 na 7 inakutana upya baada ya hatua 105. Kwa hatua nane kwa sekunde hizo ni sekunde 13, fupi mno, mtu atajua. Weka 7, 8, 9 na 11: hatua 5,544, yaani zaidi ya dakika 11. Sasa acha hatua, chukua LFO tatu za polepole, moja ikizunguka kwa sekunde 17, nyingine 23, nyingine 41. Namba tasa hizo zikizidishwa ni sekunde 16,031. Mkutano wao wa pili ni baada ya saa nne na dakika 27, na LFO za analogia hazina usahihi huo wa saa ya ukutani, kwa hiyo kwa kweli hazitakutana tena vilevile. Hata hivyo kila mzunguko ukiufuata peke yake ni uleule. Huu ndio mtindo unaovumilia saa nyingi kuliko wote niliojaribu, na pia ndio unaoweza kuwa baridi kuliko wote ukiwa mvivu wa kuchagua sauti.

Mrejesho unakumbuka historia yake yote, kwa namna ya kuudhi. Hali yake ya sasa imetokana na ilipotoka, lakini huwezi kuishika wala kuirudisha. Ukigusa nobu ukairudisha ulipoitoa, pachi huenda isirudi nawe.

Usukani

Kwenye foleni usukani ni ile nobu moja, na ni usukani mzuri. Ukisikia kitu kizuri unafunga. Ukichoka unalegeza. Mimi huipeleka LFO ya polepole kwenye tundu la volti linaloungana na nobu hiyo, ili foleni ijifunge na kujifungua yenyewe kila dakika mbili tatu.

Kwenye kloki usukani ni mwendo wa kila mzunguko, na tofauti yake inaonekana polepole. Ukibadilisha sasa, subiri.

Chota-na-ushike unaiongoza kwa kubana: upana wa volti, skeli ya kwantaiza, mwendo wa kloki. Ukiweka pia sakiti ya kulainisha volti kati ya noti na noti, sauti zinateleza badala ya kuruka, na hapo inaanza kusikika kama mtu anayetafuta neno.

Kwenye mrejesho hakuna usukani. Kuna kuelewana. Utajifunza mahali nobu zinapopenda kukaa, milimita kwa milimita, na hautamfundisha mtu mwingine.

Vifaa

Hapa sina mengi. Chota-na-ushike imo ndani ya sintesaiza nyingi za mezani zenye matundu; Behringer Neutron, kwa mfano, inayo pamoja na ya kulainisha volti. Krell inahitaji envelopu inayotoa ishara ikimaliza, na si kila mashine inayo, kwa hiyo angalia matundu kabla ya kununua. Foleni mara nyingi inamaanisha moduli ya Eurorack, mfumo wa vipande vinavyofungwa pamoja kwenye fremu moja, au kuichoma mwenyewe. Kloki zinahitaji LFO mbili au tatu, na mashine nyingi ndogo zina moja. Usipofanikiwa, envelopu inayoweza kujirudia yenyewe ni LFO tayari. Mrejesho unahitaji osileta mbili na nyaya za kutosha.

Kwa wanaopenda kuchoma: IC ya 40106 ni kitu kidogo chenye sakiti sita ndani, na kila moja inakuwa osileta kwa rezista moja na kapasita moja. Betri ya volti 9 inaiendesha bila taabu. Sita zake ni kloki sita zisizolingana kwa ukubwa wa kidole gumba. Muulize fundi wako wa Kariakoo. Kama hana, atakuwa anamjua mwenye nayo.

Joto, unyevu na umeme

Osileta ya analogia hutafsiri volti kuwa noti kwa kutumia tabia ya transista ambayo inabadilika na joto, karibu theluthi ya asilimia kwa kila nyuzi moja. Osileta nzuri zina sakiti ya kufidia. Isiyo nayo, ukiipangia noti zake chumba kikiwa na nyuzi 24 kwa kiyoyozi, kisha ukazima na chumba kikapanda hadi 32, ndani ya oktavu tatu inapotea karibu nusu toni. Kwa hiyo pasha mashine moto nusu saa, na panga noti katika joto ambalo itapigia, si katika joto unalolipenda wewe.

Chota-na-ushike inaumia kwingine. Ile kapasita inayoshika volti inavuja, na kuvuja kwenye vifaa vya aina hii huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10. Kwenye pachi ya polepole, noti iliyoshikwa sekunde ishirini inaanza kuzama taratibu. Unyevu unaongeza njia za kuvujia. Wengine wanaona kasoro. Mimi Februari huwa naipunguza kloki makusudi nisikie noti zikizama.

Biti za foleni hazizami, kwa sababu sifuri ni sifuri. Lakini umeme ukikatika zote zinafutika, na hapo nina kisa. Niliwahi kuacha pachi ya foleni ikipiga uani kwa rafiki yangu Mikocheni, watu wamekaa na vinywaji, nobu nimeifunga kwa sababu wimbo ulikuwa umeiva. Umeme ukaenda. Jenereta ikawaka, mashine ikaamka, rejista yote ikiwa sifuri, na kwa kuwa nobu imefungwa hakuna biti ingeweza kugeuka. Noti moja ya chini, ileile, kwa dakika arobaini, nami niko getini napokea wageni. Mzee mmoja aliniambia hiyo sehemu ndiyo aliyoipenda. Moduli hizi huwa na swichi ya kuandika biti za moja kwa mkono. Ijue iko wapi kabla hujatoka nyumbani.

Kloki hazina cha kupoteza. Umeme ukirudi zinaendelea kuanzia popote. Mrejesho nao unaamka, ila unaamka mtu mwingine, na mahali pazuri ulipopapata saa nane usiku hapapo tena saa nane mchana kwa sababu ya joto lilelile.

Jambo la kufaa kwa njia zote: sintesaiza nyingi za mezani hula volti 12 DC, kwa hiyo unaweza kushawishika kuichomeka moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri hiyo ikichajiwa hupanda kupita volti 14. Weka kidhibiti volti katikati, na hakikisha chanya na hasi ya pini havijageuzwa. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni na Msasani, wafunike matundu mashine ikipumzika. Chumvi inakula mawasiliano kimyakimya.

Kwa hali yako

Unatayarisha sauti ya maonyesho itakayokaa siku nzima bila wewe, tuseme kwenye ukumbi kama Nafasi Art Space: kloki. Tumia LFO za polepole kuliko unavyodhani zinafaa. Ukiwa na UPS ndogo ya kompyuta na mtu wa kuzungusha nobu, foleni pia inawezekana.

Unatengeneza singeli na unatafuta vipande vya kukata: mrejesho. Rekodi dakika ishirini bila kuhukumu, kisha chagua sekunde nne. Kwenye mwendo wa midundo 200 na zaidi kwa dakika, foleni iliyofungwa ya hatua nane nayo inauma vizuri, na ina faida ya kukaa kwenye mapigo bila kubembelezwa.

Unataka kitu cha kuimbia au cha kupigia gita juu yake: foleni yenye kwantaiza, nobu karibu ifunge. Mwimbaji anahitaji kujua noti inayokuja, na mara moja moja kukosea. Ila kama masikio yako yamelelewa na ala za kimisri, kanuni na udi, zenye sauti zinazokaa katikati ya noti za piano, kwantaiza ya noti 12 itakukwaza. Jaribu bila hiyo, ukibana volti kwa mkono.

Una mashine moja tu, matundu machache, na unataka usiku wa leo uwe na kitu: chota-na-ushike, na kama envelopu yako inatoa ishara ya mwisho, iunganishe kuwa Krell kabla hujalala.

Huna mashine kabisa: programu ya VCV Rack ina toleo la bure linaloendesha moduli za kuigiza kwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux. Si analogia, na haitateleza noti hata chumba kiwe tanuri, lakini nyaya zinafuata mantiki ileile na njia zote nne zimo. Anza na LFO mbili, moja ya sekunde 17 kwenye filta, nyingine ya 23 kwenye sauti, na noti moja ndefu. Iache ipige, nenda ukaoge, urudi.